Sauti Haipo, Lakini Iko

Kompyuta ina njia nyingi za kumtesa mwenyewe, na nyingi kati ya hizo zina adabu. Diski ikikaribia kufa hugugumia kama mashine ya kusaga iliyolegea mkanda. Betri ikiisha hutoa onyo, hata kama onyo lenyewe linakuja zimebaki dakika mbili na chaja iko chumba kingine. Intaneti ikikatika huandikwa kwenye skrini kwamba imekatika. Lakini sauti ikikosekana katika kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux, hakuna kinachosimama wala kinachoomba radhi. Video inaendelea, mstari wa dakika unasogea, mpiga zumari anavimbisha mashavu, na mwimbaji wa taarabu, aliyevaa dhahabu za ukoo mzima, anafumbua na kufumba kinywa kama changu aliyetolewa majini sasa hivi. Mfumo wenyewe hauna habari. Ukiulizwa, utajibu kwamba kazi imekwisha, na imekwisha vizuri.

Hapo ndipo mwenye kompyuta anapotamka sentensi ambayo kila fundi ameisikia: "Sauti haipo." Nadhani tabu yote inaanzia kwenye kile kiambishi cha mwisho. Kiswahili kimetupa viambishi vitatu vya mahali, na walimu wa sarufi hawakuvihangaikia bure: -po kwa mahali panapojulikana, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, -mo kwa ndani. Anayesema sauti haipo amesema kweli tupu. Hapa, mbele ya masikio yake, sauti hakuna. Kosa lake ni kuyasikia maneno yake mwenyewe kana kwamba amesema haimo: haimo kabisa, imekufa, kadi imeungua, tafuta pesa ya nyingine. Ninachotaka kutetea ni kwamba katika visa vingi vya namna hii sauti iko. Imetengenezwa, imefungashwa, imesafirishwa na kukabidhiwa kwa sahihi. Tatizo ni kwamba aliyetia sahihi siye mwenye mzigo. Kuuliza "nini kimeharibika?" basi ni kupoteza jioni, maana mara nyingi hakuna kilichoharibika. Swali lenye faida ni lile ambalo mama huwauliza watoto sukari ikipungua kwenye kopo: nani kaishika mara ya mwisho?

Kwa nini mfumo huu hunyamaza bila haya? Ni malezi. Unix, mzee wa ukoo wa Linux, ulianza mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara za kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Yaani kampuni iliyotajirika kwa kusafirisha sauti za watu, na maabara zenye jina la Alexander Graham Bell wa simu yenyewe, ndizo zilizolea mfumo unaotukuza ukimya. Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao walifanya kazi kwenye mashine za teletaipu, zilizochapa kila jibu kwenye karatasi, polepole na kwa kishindo, na programu yenye maneno mengi ilikuwa adhabu kwa wote waliomo chumbani. Ikakomaa ada kwamba programu isiyo na jambo la kushangaza la kusema isiseme kitu. Nakili faili: kimya. Hamisha faili: kimya. Futa folda nzima ya picha za harusi: kimya kilekile chenye heshima. Sauti iliyopewa kibali rasmi ilikuwa moja tu, kengele, herufi namba 7 katika jedwali la ASCII, ambayo kazi yake si kuchapa chochote bali kuigonga kengele ya teletaipu. Kwa aliyelelewa hivyo, ukimya ni cheti cha kufaulu. Sasa mlete mtu wa leo anayetaka kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe baada ya kazi. Amri ya kucheza wimbo inaanza, inakwisha, kishale kinarudi kilipokuwa, kosa hata moja halikuandikwa. Mtu na mashine wameupata ukimya uleule. Mmoja ameuona msiba, mwingine ameona siku njema kazini.

Waandishi wa programu za sauti za Linux wanajua wanachotengeneza ni mabomba, na hawafichi. Mfumo unaotumika sasa katika Linux nyingi za mezani unaitwa PipeWire, bomba na waya katika neno moja, na msaidizi wake anayeamua kipi kiunganishwe na kipi anaitwa WirePlumber, yaani fundi bomba. Mahali sauti inapomwagwa huitwa sink, na ni sinki lilelile la jikoni, kwa jina na kwa tabia. Basi tutumie lugha yao. Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Maji yana koki kwenye mita, koki ya mwenye nyumba, koki ya tangi, koki ya korido, kisha ile ya bafuni ambayo mpangaji anaizungusha huku ana sabuni machoni. Kila koki ina mamlaka kamili ya kufunga, na hakuna hata moja yenye uwezo wa kufungua kilichofungwa na mwenzake. Sauti nayo ni hivyohivyo. Programu ya muziki ina koki yake. Seva ya sauti, yaani PipeWire, ina koki moja kwa ajili ya programu hiyo na nyingine kwa sinki zima. Chini yake ALSA, sehemu ya kiini cha Linux inayozungumza na kadi ya sauti, ina koki ya Master, ya PCM, ya Headphone, ya Speaker, na katika kadi zenye majivuno zipo zaidi. Spika za mezani nazo zina kitufe chao cha kuzungusha, na swichi nyuma, na waya wa umeme ambao mtu aliuchomoa juzi ili achaji simu. Hesabu inayohitajika ni ya darasa la tatu: mia mara mia mara mia mara sifuri ni sifuri. Mtu amepandisha koki sita hadi mwisho, kidole kinamuuma, na ya saba imefungwa.

Na aliyeifunga hakuwa adui. Kwa miaka mingi ALSA imekuwa na desturi ya kuianzisha kadi mpya ikiwa bubu, desturi yenye mantiki yake, maana kadi isiyojulikana ni heri ianze kwa kunyamaza kuliko kwa kupiga yowe masikioni mwa mtu aliyevaa hedifoni. Ukiifungua programu ya alsamixer utakuta mistari imesimama kama minara, na chini ya mmojawapo kumeandikwa MM. Ukibonyeza M, zile MM zinageuka 00 na mkondo umefunguka. Siwezi kuacha kulistaajabia hilo: katika mfumo mzima usiotaka kujieleza, mahali pekee palipotokea ushairi ni hapo, mm, mguno wa mtu aliyefumba mdomo. Kinachoudhi ni kumbukumbu. Mashine inapozimwa, hali ya kila koki huandikwa kwenye faili, na inapowashwa hurudishwa kama ilivyokuwa. Paka akikanyaga kitufe cha kunyamazisha siku ya Jumatatu, amenyamazisha wiki.

Lakini hapo maji yamezuiwa njiani tu. Kisa kitamu zaidi ni pale koki zote ziko wazi na maji yanatiririka kwa nguvu, ila yanatiririka kwa jirani. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na monita nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kwamba zinapokea sauti, zikiwemo zile ambazo ndani yake hamna spika hata ya dawa, bali tundu la hedifoni mgongoni ambalo mwenye monita hajawahi kuliona. Seva ya sauti inaziamini, kwa sababu haina masikio ya kuhakikisha. Mwaka 2013 Intel walipotoa vichakataji vyao vya Haswell, sauti ya HDMI ilitengewa kidhibiti chake peke yake, na katika mashine nyingi kidhibiti hicho kikawa ndicho kinachotambuliwa kwanza na kupewa namba ya kadi sifuri. Sifuri, katika utawala wa ALSA, ndiyo kadi ya kwanza, na ndiyo inayopelekewa kila kitu kama hakuna aliyesema vinginevyo. Ile kadi ya kweli, yenye spika zake, ikawa namba moja, maana yake ya pili. Katika nchi ambayo wa kwanza ni sifuri na wa pili ni moja, wageni kupotea si jambo la kushangaza. Kuna pia ile spika ya blututhi iliyounganishwa kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, ambayo bado ina chaji na iko sebuleni chini ya kochi, ikiimba peke yake kwa bidii. Na kuna tundu la hedifoni. Ndani yake mna kihisi kinachotambua pini ikiingia, na pini ikiingia spika huzimwa. Kwenye alsamixer utaratibu huo una jina kabisa, Auto-Mute Mode. Vumbi, kutu ya hewa ya chumvi, au ncha ya pini iliyovunjikia ndani vinatosha kulishawishi tundu kwamba mgeni amefika. Tangu hapo kompyuta inanyamaza kwa heshima ya hedifoni ambazo hazipo, kama mtu anayenong'ona nyumbani kwake kwa kudhani kuna mtoto amelala.

Tazama jinsi mashtaka yanavyokosa mshtakiwa. Monita ilisema inapokea sauti, na ni kweli inapokea. Tundu lilisema limeguswa, na limeguswa. Spika ya blututhi iliitwa, ikaitika. Kila mmoja alitimiza wajibu wake kwa uaminifu, na jumla ya uaminifu wote huo ni mwimbaji anayepumua kama samaki.

Msomaji makini ana haki ya kuuliza: tabaka zote hizi za nini? Si ing'olewe koki moja moja mpaka libaki bomba tupu? Bomba tupu lilikuwapo. Mwaka 1992 Hannu Savolainen wa Finland aliandika draiva ya Linux kwa ajili ya kadi ya Sound Blaster, na kazi hiyo ikakua ikaitwa OSS. Uzuri wake ulikuwa wa kutamanisha: palikuwa na faili moja, /dev/dsp, na chochote ulichokimimina humo kilitoka kwenye spika, hata ukiimimina picha ya shangazi ilitoka, kwa mkwaruzo usiomstahili. Tatizo ni kwamba kwa kadi nyingi za zama zile bomba hilo lilikubali programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu ya muziki ikilishika, hata ikiwa imesimamishwa, nyingine zote zilisubiri mlangoni kama wagonjwa wa kliniki. Zama hizohizo watu walibishana namna ya kulitamka jina Linux, na Linus Torvalds akaumaliza ubishi kwa kurekodi faili fupi akilitamka kwa kinywa chake. Suluhisho zuri lenye sharti dogo: ili ujue mfumo wako unaitwaje, ilibidi kwanza sauti ya mfumo wako iwe inafanya kazi. Sitashangaa nikiambiwa kwamba wanaolitamka vibaya hadi leo hawakuwa wabishi. Walikuwa na kadi bubu.

Kila tabaka lililofuata lilikuja likiwa na hoja mkononi. ALSA iliasisiwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela, Mcheki aliyetaka kadi yake ya Gravis Ultrasound ihudumiwe inavyostahili, na kufikia kiini 2.6, mwishoni mwa 2003, ikawa ndiyo njia rasmi. Kuchanganya sauti za programu nyingi kulihitaji msimamizi, na wakatokea wawili: eneokazi la GNOME lilikuwa na ESD, la KDE lilikuwa na aRts, na mwenye kutumia programu za pande zote mbili alijionea mafahali hao wakigombea zizi moja. Mwaka 2004 Lennart Poettering akaanza kuandika iliyokuja kuitwa PulseAudio, ambayo ilimwezesha mtu kuupunguza wimbo bila kuipunguza simu, na kuhamisha sauti kutoka spika hadi hedifoni katikati ya ubeti. Ubuntu, mfumo wenye jina ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu, uliipokea katika toleo 8.04 la Aprili 2008, na kwa miezi mingi baadaye watumiaji wake waliupima sana utu wa waliohusika. Sasa kuna PipeWire ya Wim Taymans, iliyokabidhiwa sauti ya Linux ya Fedora kuanzia toleo la 34 mwaka 2021 na ya Ubuntu kuanzia toleo 22.10. Nayo kwa uungwana inajibu kwa jina la marehemu: programu ikiita PulseAudio, PipeWire inaitika. Duka limebadili mwenye, kibao hakikubadilishwa, wateja wanaendelea kusalimia.

Na waliochagua njia ya bomba fupi? OpenBSD, ndugu wa Linux katika ukoo wa Unix, wana seva ndogo ya sauti iitwayo sndio, safi na rahisi kuisoma, na mimi ni miongoni mwa wanaoihusudu. Lakini watu haohao, katika toleo 6.4 la mwaka 2018, waliamua kwamba maikrofoni yoyote, hadi mwenye mashine aamue vinginevyo, irekodi kimya kitupu, ili programu isimsikilize mtu bila idhini yake. Wenye koki chache kuliko wote waliongeza nyingine, kwa sababu njema, na ikafunga. Ukitaka kuondoa tabaka, utaje na tatizo ambalo uko tayari lirudi.

Pingamizi la pili huja na tabasamu: kwenye Windows mambo haya hayatokei. Yanatokea, lakini nakubali hutokea kwa uchache, na sababu yake haihusiani na hekima ya mfumo wowote. Laptopu inapotoka kiwandani imejaribiwa na Windows, na draiva imeandikwa ikijua spika ya modeli ile imeunganishwa na mguu upi wa chipu. Mhandisi mmoja akiunganisha spika mahali pasipo pa kawaida, draiva yake itajua siri hiyo, na karatasi ya chipu itaendelea kusema uongo kwa wengine wote. Linux imelazimika kuzikusanya siri hizo moja moja. Ndani ya kiini chake, kwenye msimbo wa chipu za Realtek, kuna orodha ndefu ya mamia ya modeli za laptopu, kila moja na marekebisho yake: hii mguu wake wa spika umebadilishwa, hii taa ya kunyamazisha inawaka kinyume, hii hedifoni zake haziamki hadi ziguswe kwa namna fulani. Daftari la wadeni la duka la mtaa haliwezi kuifikia kwa ukweli wala kwa uchungu. Anayenunua laptopu ya mtumba na kuiwekea Linux anaomba jina lake liwe limeshaandikwa humo na mtu aliyeteseka kabla yake.

La tatu si pingamizi, ni dawa: izime uiwashe. Sina ugomvi na dawa inayoponya, ila hii huponya kama usingizi, bila kusema ulikuwa unaumwa nini, na kwa hali ya faili la kumbukumbu tulilolitaja inaweza kukurudishia ugonjwa wako ukiwa umepangwa vizuri. Yapo hata maradhi inayoyaleta: baadhi ya laptopu zenye mifumo miwili zikitoka Windows kwenda Linux kwa kuwashwa upya tu, chipu ya sauti hubaki katika hali iliyoachwa na Windows, na haizinduki hadi izimwe kabisa. Hatari zaidi ni dawa za mitishamba: amri ndefu iliyowahi kumponya mtu mwingine, kwenye mashine nyingine, yenye seva ambayo siku hizi haitumiki. Inanakiliwa, inabandikwa, inaandika mstari kwenye folda ya modprobe kuieleza draiva kwamba laptopu hii ni modeli ile, nayo siyo. Ilikuwa bubu wa bahati mbaya, sasa ni bubu wa kupangwa. Wengine hupanda cheo na kujaribu kama root, mtumiaji mkuu, kwa imani kwamba anayeweza yote ataweza na hili. Kumbe seva ya sauti ni ya mtumiaji aliyeketi, na kwa kawaida haimfungulii mlango mwingine kwa sababu ya ukubwa wake. Mfalme anayeweza kufuta diski nzima kwa mstari mmoja hawezi kupigiwa hata ngoma moja.

Niseme sasa juu ya -mo, kwa sababu hoja yangu ina mpaka na mpaka wenyewe uko hapa. Kuna siku sauti kweli haimo. Kiini cha Linux hakikuiona kadi, au kimeiona lakini kimekosa programu ndogo ambayo chipu huhitaji kulishwa kabla ya kuamka. Laptopu nyingi mpya za Intel ni za namna hiyo: sauti inapita kwenye kichakataji chake maalumu, nacho kinasubiri faili la Sound Open Firmware. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, lakini kwenye mashine nyingi za dukani faili lenyewe halikubaliki bila sahihi ya kidijitali ya Intel. Unaweza kuisoma barua, kuinakili na kuirekebisha. Bila muhuri karani haipokei. Watu wa Linux ya Debian, wenye msimamo mkali juu ya programu zisizo huru, walikuwa wakiyaweka mafaili kama hayo kando ya diski rasmi ya usakinishaji, mpaka walipopiga kura mwaka 2022 wakakubali kuyaingiza, na toleo la 12 la Juni 2023 likatoka nayo. Kabla ya hapo mtu aliweza kusakinisha mfumo mzima kwa usafi wa dhamiri na kukaa katika ukimya wa kimonaki.

Lakini hata hapa, angalia mfumo unavyolipokea pengo. Seva ya sauti isipokuta kadi yoyote haisemi hakuna kadi. Inajitengenezea sinki la uongo, inaliita Dummy Output, na kuliweka kwenye orodha pale ambapo spika zingekaa. Sauti yote inamiminwa humo. Programu hazilalamiki, vijiti vya kiwango vinapanda na kushuka, kipimo kinacheza kwa kufuata mdundo. Sababu ni nzuri, maana programu nyingi zingekwama kama pasingekuwa na pa kumimina. Bado ni kama nyumba isiyo na maji iliyochorewa bomba ukutani ili wageni wasijisikie vibaya. Kwa fundi, hata hivyo, jina hilo ni zawadi. Ni mahali pekee ambapo mashine imekiri, kwa aibu kidogo, kwamba tuko kwenye -mo na si kwenye -ko, na kwamba kuchezea koki ni kazi bure: tafuta faili lililokosekana, soma daftari la kiini kwa amri ya dmesg, uache alsamixer ipumzike.

Linabaki pingamizi lenye uzito kuliko yote, na sitalipiga chenga. Kwa nini mtu aliyetaka kusikiliza wimbo ajue haya? Mwalimu, muuza duka, mwanafunzi wa uuguzi, wana kazi zao. Hapa nasalimu amri nusu. Sidhani kosa ni wingi wa koki, kama nilivyokwisha kueleza. Kosa ni kwamba koki iliyofungwa haijitaji. Habari zote zipo. Amri ya wpctl status huchora mti mzima wa PipeWire, ikaweka nyota kwenye sinki linalotumika na neno MUTED kwenye lililozibwa. Amri ya aplay -l huorodhesha kadi kwa namba, kuanzia ile sifuri. Ila vyote hivyo husubiri kuulizwa, kama mzee wa baraza anayejua shamba lilivyoibwa na anayengoja apewe kiti kwanza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu inaweza kumsemesha mtu kwa Kiswahili. Bado natamani ile itakayomsemesha hivi bila kuombwa: nimekuchezea wimbo wako wote, nimeupeleka kwenye monita, na monita yako haina spika.

Mpaka hapo, mwenye shida aanzie chini ya bomba, si juu. Watu wengi huanza na kijiti cha programu ya muziki kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mkono, wakapanda na kushuka humo saa nzima. Amri ya speaker-test ikielekezwa kwenye kadi yenyewe huziruka seva zote na kumwaga kelele ya kusudi, inayofanana sana na mvua kwenye bati. Mvua ikisikika, waya, spika na kadi ni wazima, na mwizi yuko ghorofa za juu. Isiposikika, teremka: MM, tundu, swichi, waya wa umeme. Dakika tano, kwa mwendo wa pole.

Shida ni kwamba binadamu haendi kwa mwendo wa pole. Anapohangaika hupandisha kila anachokigusa na hakumbuki kukishusha. Programu ya muziki, mia. Sinki, mia. Na kwenye pavucontrol, programu ya kurekebisha sauti, kijiti hakisimami mia. Kinaendelea hadi asilimia 153, na mtu aliyekata tamaa hukisukuma hadi huko, maana kwa mawazo yake sifuri imezidi kuwa sifuri. Kisha, saa nane usiku, anachomoa bila kufikiri ile ncha ya pini iliyokwama tunduni tangu mwaka jana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hawakuwahi kuiona pavucontrol. Jirani atakayeamka akigonga ukuta kwa kiatu hatahitaji somo la viambishi: sauti ipo, iko, na imo, chumbani mwake.